Hesabu ya Meza Moja

Alhamisi moja baada ya adhuhuri, saa ambayo upepo hufa na mabati ya karakana huanza kupasuapasua kwa joto, nilikaribishwa kuketi nyuma ya darasa la wanafunzi wa useremala katika chuo kimoja cha pwani, na juu ya meza ya mwalimu palikuwa na meza nyingine: kijimeza cha kahawa cha mbao za msonobari, miguu minne, uso uliopakwa vanishi mara mbili, kazi ya kijana wa mwaka wa pili aliyesimama kando yake kama bwana arusi anayengoja kuulizwa na kadhi. Somo halikuwa la useremala. Lilikuwa lile ambalo ratiba za siku hizi huliita ujasiriamali, na ambalo wazee wetu wa kalamu yamkini wangeliita elimu ya uchumi wa biashara. Somo ambalo wanafunzi wa amali aghalabu huliingia kwa miguu mizito, maana hawakuja chuoni kutafuta kalamu, walikuja kutafuta randa, cherehani na spana, na wengi wao kalamu ndiyo iliyowashinda huko walikotoka.

Mwalimu, mtu wa makamo mwenye penseli ya fundi nyuma ya sikio, hakufungua kitabu. Alimwuliza kijana ameiuza meza kwa kiasi gani. "Elfu sabini na tano, mwalimu. Mwenyewe anakuja kuichukua jioni." Umepata faida? "Nimepata." Haya, tuandikie. Kijana akaandika ubaoni kwa mwandiko wa kupanda na kushuka: mbao 38,000; misumari na gundi 4,500; msasa 2,000; vanishi na brashi 9,000. Jumla 53,500. Faida 21,500. Wenziwe wakampigia makofi, na mimi nami, ambaye maisha yangu yote sijapata kuuza hata kijiko, nilikuwa karibu kupiga.

"Kibarua wa kupiga randa huko mtaani," akasema mwalimu, "kwa siku analipwa ngapi?" Elfu kumi, wakajibu kwa pamoja. "Na meza hii imekuchukua siku ngapi, mwanangu?" Nne. Chaki ikasimama. Kijana akaandika 40,000 chini ya 21,500, akatazama, akafuta, akaandika tena, na hesabu haikubadilika: hasara 18,500, na bado haijatajwa umeme wala makali ya msumeno.

"Lakini mwalimu, mimi sikujilipa."

"Ndiyo maana umeiona faida. Umemweka fundi siku nne na ujira wake hukumpa, na fundi mwenyewe ni wewe."

Darasa lilicheka, na kama somo lingekoma hapo lingekuwa somo jema la kawaida, la namna ambayo mwalimu hushinda na mwanafunzi hukaa kitako. Walakini kijana hakukaa. Akasema, kwa adabu lakini bila kuinamisha kichwa, kwamba siku nne zile hakuwa na kazi nyingine yoyote. Kwamba hakuna mtu aliyekuwa barazani kwao akingoja kumpa elfu kumi. Na kwamba baina ya kulala nyumbani bila kitu na kulala akiwa na elfu ishirini na moja na mia tano, yeye haoni hasara iko wapi.

Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko walimu wanavyopenda kunyamaza. Kisha akasema, "Umesema kweli," na somo la uchumi, kwa maoni yangu, likaanza wakati ule. Maana alichokisema kijana, bila kukijulia jina, ni kanuni ambayo vitabu vya elimu hii huieleza kwa kurasa kadhaa na ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuionja: kwamba gharama ya jambo ni kile unachokiacha ili ulifanye, na mtu asiye na cha kuacha, kazi yake ina bei nyingine kabisa na kazi ya mtu ambaye oda tatu zinamngoja. Mwalimu akaipinda hoja ile pole pole kama fundi apindavyo ukingo wa kiti. Basi leo, huna kazi, meza kwa 75,000 ni halali yako. Na kesho akija mtu anataka kitanda, na wewe umejifunga na meza? Na keshokutwa, jirani akiizoea bei yako ya siku za njaa, utampandishiaje siku za shibe? Vijana wakaanza kubishana wao kwa wao, na mmoja wa safu ya mbele akauliza swali lililonifurahisha zaidi ya yote: kwa nini siku nne? Ikadhihirika kwamba karibu siku mbili kati ya zile zilikwenda katika kungoja, gundi ikauke, vanishi ya kwanza ikauke, ya pili ikauke, na kwamba fundi mwenye kigezo kimoja cha mguu na nafasi ya kutosha angeweza kukata, kuunga na kupaka meza sita kwa muda wa siku tisa.

Wakapiga hesabu upya. Meza sita, ziada ya 129,000 baada ya vifaa. Ujira wa siku tisa 90,000. Inabaki 39,000, na fundi amekwisha kulipwa. Furaha ile haikudumu sana, kwa kuwa mwalimu aliuliza nani ana 321,000 za kununulia vifaa vya meza sita kabla hajauza hata moja, na nani anawajua watu sita wanaotaka meza. Hapo wakaingia katika mtaji, na katika soko, na katika mwenye duka la mbao anayeweza kukuamini ukachukua leo ukalipa ukishauza, na kengele ikalia wakati wanabishana kama yule mwenye duka huongeza bei kwa sababu ya kukuamini au kwa sababu ya roho yake. Saa moja na nusu, meza moja, na sehemu kubwa ya mtaala wa somo ilikuwa imepita ubaoni pasipo mtu kuambiwa kwamba anasoma mtaala.

Nimeisimulia kadhia hii kwa urefu kwa sababu naona kwamba jawabu la swali linaloulizwa kila mara katika mikutano ya elimu, nini kimsaidie mwanafunzi wa chuo cha ufundi afuzu katika uchumi wa biashara, limekaa pale juu ya meza ya mwalimu. Mwanafunzi huyu huingia darasani akiwa na uchumi tayari mikononi. Ameuza maandazi ya mama yake, amehesabu chenji ndani ya daladala, amepatana bei ya samaki ufukweni na mtu aliyemzidi umri mara nne. Anachohitaji ni mwalimu atakayekubali kuanzia hapo, akayapa majina yale anayoyajua na kumfichulia yale yaliyojificha, ambayo kwa hakika si mengi: ujira wake mwenyewe, kuchakaa kwa zana, muda, na deni.

Kwamba maarifa ya sokoni na maarifa ya ubaoni yaweza kukaa katika kichwa kimoja bila kujuana si dhana yangu. Mwaka 1985 wachunguzi watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza habari za watoto watano wa mji wa Recife, Brazili, waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani: walipoulizwa hesabu kama wateja wanavyouliza, nazi kumi ni kiasi gani, nirudishie ngapi, walipata majibu sahihi 98 katika kila maswali 100, walipoandikiwa hesabu zile zile kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, wakashuka hadi 37. Watoto watano ni wachache, nakubali, lakini mwalimu yeyote wa ufundi atakayezisoma tarakimu hizo atawatambua wanafunzi wake. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Jean Lave wa Marekani alikuwa ameketi miongoni mwa washona nguo wa Monrovia, Liberia, akaona jinsi mwanagenzi anavyofundishwa kinyumenyume: huanza na kupiga vifungo na kupiga pasi, mambo ya mwisho ya nguo, kisha kushona, na kukata kitambaa huachiwa mwisho kabisa, kwa kuwa kosa la sindano hufumuliwa ilhali kosa la mkasi hula mtaji. Ule ni uchumi wa biashara uliofumwa ndani ya mpangilio wa masomo, na sidhani kama mafundi wale walipata kuuita hivyo.

Kuna jambo la lugha, na hapa naomba wasaa kidogo, kwa maana ni jambo linaloniuma. Karakana zetu husema Kiswahili kutwa kucha, mwanafunzi hutukanwa na kusifiwa kwa Kiswahili, ila likifika somo la biashara mara nyingi kitabu huwa cha Kiingereza, na kijana aliyekuwa akijua kupunguziwa bei hugeuka bubu mbele ya neno la kigeni la jambo lile lile. Nasi maneno ya biashara tunayo tangu zamani! Uchumi wenyewe umetoka katika kuchuma. Rasilmali ni neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa cha mali, na mwalimu akilifungua namna hiyo hatakuwa na haja ya kueleza mara mbili kwa nini kichwa hakiliwi. Faida, hasara, thamani, amana, dhamana, deni na mizania vilifika pwani hii kwa majahazi. Hundi na bima vikafuata kutoka Bara Hindi. Na liko mali kauli, ambalo sijui kama kuna lugha iliyolisema kwa ufupi zaidi: bidhaa unayopewa kwa neno la kinywa ukauze kisha ulete fedha. Misafara ya karne ya 19 ilikwenda bara kwa mikopo. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika kisa cha maisha yake, alichokisimulia kwa Kiswahili, jinsi alivyochukua mali kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja ili alipe kwa pembe atakazorudi nazo. Biashara yake ilikuwa na damu ya watu ndani yake na haistahili kutukuzwa. Hata hivyo mwanafunzi akiisoma ataona mkopo na hatari vikisemwa na mtu wa pwani kwa Kiswahili, miaka mingi kabla mtu hajaunda neno mjasiriamali. Neno hilo nalo sina ugomvi nalo, ila huonyesha nusu tu: linasifu ujasiri wa mali na kunyamaza juu ya daftari.

Daftari, basi. Walimu wengi huniambia kwamba hapo ndipo wanafunzi huanguka, na wengi wa walimu hao hujibu kwa kuongeza madaftari: la mauzo, la manunuzi, la madeni, na mizania ya mwisho wa mwezi kama ya benki. Mama mdogo wangu, Mungu amrehemu, aliuza vitumbua miaka ishirini na daftari hakuwa nalo. Alikuwa na kanga, na kanga ile ilikuwa na mafundo mawili. Fundo la pembe ya kulia aliliita la mchele, na humo ndimo zilimotoka fedha za mchele, nazi, sukari na hamira. La kushoto lilikuwa la nyumba. Mgeni akija ghafula, alifungua la kushoto, na kama la kushoto ni tupu mgeni alikunywa chai kavu. Nakumbuka usiku mmoja mtoto wake alishikwa na homa akalifungua la kulia, na kwa siku sita baadaye nilimsikia akirudisha kidogo kidogo huku akisema peke yake, "Nimekopa kwa mchele, na mchele hausamehe." Nilikuwa nikimcheka.

Sikumcheka tena niliposoma yaliyofanyika Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, ambako Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waliwagawa wenye biashara ndogo ndogo katika mafungu: hawa wakafundishwa uhasibu wa kawaida kama uandikwavyo vitabuni, wale wakafundishwa kanuni chache nyepesi, na iliyo kubwa ya zote ni kutenga fedha ya biashara na fedha ya nyumbani. Matokeo, yaliyochapwa mwaka 2014, ni kwamba waliofundishwa uhasibu kamili hawakuonekana kubadilika kwa kiasi cha kusemeka, lakini wale wa kanuni nyepesi waliboresha namna yao ya kutunza hesabu. Mafundo mawili ya kanga! Sisemi uhasibu usifundishwe. Fundi atakayeajiri watu kumi na kukabiliwa na ofisi ya kodi hana budi kuujua. Nasema uje kwa zamu yake, kama mkasi wa Monrovia. Katika darasa la ushonaji la chuo kile kile nilichokitaja, mwalimu wa kike aliwaamuru wanafunzi wake walete makopo mawili ya maziwa yaliyokwisha, na kila anayeshona sare ya mtoto wa jirani hugawa fedha mbele ya wenziwe kabla hajaondoka: hii kopo la kitambaa na uzi, hii kopo langu. Binti mmoja aliniambia kwamba kabla ya makopo alidhani anauza sana, baada ya makopo aligundua kwamba alikuwa akila kitambaa.

Lakini fedha hizo ni za nani? Swali hili vyuo vingi hulikwepa. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, jambo linalokumbukwa na kila mtu, na alitaka vilevile wanafunzi washiriki katika kuamua pato la kazi yao litumikeje, jambo ambalo limesahauliwa upesi. Tulio na umri tunakumbuka mashamba ya shule: jembe lilikuwa letu, mahindi yalikwenda tusikokujua. Mpaka leo utaona chuo kimepata oda ya madawati, wanafunzi wakapasua mbao na kupiga msasa usiku na mchana, na hati ya malipo isifike machoni mwa hata mmoja wao. Ofisi ina udhuru wake. Fedha za umma zina taratibu. Ila sioni udhuru wa kutowaonyesha karatasi ile ubaoni: tuliombwa bei hii, tukatoa bei hii, mbao zilipanda hapa, tulichelewa siku kumi tukakatwa kiasi fulani. Hakuna kitabu kitakachowafundisha bei ya kuchelewa kama kukatwa kwa jasho lao wenyewe, na kama kuna njia ya halali ya kuwapa hata sehemu ndogo ya ziada, somo litawakaa zaidi.

Najua kuna watakaosema tuwatie vijana hamasa na mengine yatajipa. Hamasa ni kitu, lakini ina makali pande mbili. Wachunguzi waliofuatilia kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kilichotangazwa Tanzania na kuwaonyesha vijana wakishindana kibiashara, waliona kwamba wanafunzi wa sekondari waliohimizwa kukitazama waliingiwa na hamu ya biashara na baadhi wakaanzisha, ilhali masomo yao ya shule yakarudi nyuma. Na katika jaribio jingine la Dar es Salaam, kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, mafunzo ya biashara yaliwanufaisha wanaume waziwazi, ila kwa wanawake manufaa yalikuwa haba. Nikifikiri juu ya binti wa makopo mawili sishangai: anaweza kujua hesabu yote, na jioni kaka mkubwa akaja na shida yake akalifungua kopo lisilo lake. Mwalimu wake analijua hilo, na amekwisha tenga saa nzima ya kuwafundisha mabinti namna ya kusema "fedha hii si yangu, ni ya kitambaa," kwa sauti isiyovunja udugu. Sijaona saa hiyo katika mtaala wowote.

Tangu mwaka 2024 Tanzania Bara imeanza kufungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, na neno hilo amali, ambalo Unguja na Pemba wamelitumia kwa vyuo vyao miaka mingi, sasa linasikika mpaka Songea na Bukoba. Madarasa yatajaa. Walimu wa biashara watakaopelekwa huko wengi wao hawajapata kushika randa, na mafundi watakaofundisha randa wengi wao hawapendi kuulizwa habari za mizania. Kama wakuu wa shule watawaweka wawili hao katika chumba kimoja, mbele ya kitu kimoja kilichotengenezwa na mwanafunzi, hata mara moja tu kwa juma, watakuwa wametenda zaidi ya waraka wowote.

Jioni ile nilichelewa kuondoka. Mwenye meza alikuja na guta, akapatana kidogo kwa ajili ya mazoea, akatoa 75,000 zake kamili. Kabla meza haijapandishwa, kijana aliomba aigeuze mara moja. Akaipindua miguu juu, akaazima ile penseli ya mwalimu, na upande wa chini wa uso, pale ambapo vanishi haikufika na mnunuzi hatatazama kamwe, akaandika: Siku 4. Kungoja 2. Kisha akachukua ubao mwingine uliokuwa umeegemea ukuta, akapima mguu wa kwanza, akakata kigezo.